Mbona Hapigi Simu?

Jumatatu, 2 Juni

Leo watazamaji walikuwa wachache kuliko viti vilivyovunjika. Banda langu la video, hapa Shanwe mjini Mpanda, zamani lilikuwa linajaa mpaka watu wanakalia ndoo. Leo hata ndoo zilikaa tupu.

Sababu naijua. Ina jina. Egide!

Huyu Egide alitoka Katumba mwaka jana, akafungua banda lake Ilembo. Badala ya kuiacha filamu iongee yenyewe, anashika maiki na kuitafsiri. Hatafsiri. Anatunga! Elias wa bodaboda, rafiki yangu (nilivyodhani), amenisimulia leo huku anacheka mpaka ikabidi ashike usukani wa pikipiki iliyosimama. Eti kulikuwa na filamu ya mama mmoja anayejua kabisa kwamba muuaji yumo ndani ya nyumba. Anaingia. Peke yake. Gizani. Watu wakapiga kelele, mbona hapigi simu? Egide akajibu palepale kwenye maiki kwamba salio limemwishia, na aliyeahidi kumrushia vocha ni shemeji yake wa Nsimbo, mnamjua alivyo. Banda zima likaangua kicheko.

Huo ni uongo wa kuzibia tundu! Kwangu tundu la filamu halizibwi. Mimi nasimamisha filamu. Nawasha taa. Naeleza kosa liko wapi, na kwa nini mtu mwenye akili zake asingefanya vile. Ni elimu ile. Leo nimesimamisha pale mpelelezi anapoweka bastola chini ili apigane na adui kwa ngumi. Nikauliza, nani anaacha bastola? Jamaa mmoja akasema yeye anajua ni ujinga, lakini anaomba aone hizo ngumi. Nikamweleza tena, polepole. Akatoka. Wakatoka wote.

Watu hawapendi ukweli.

Gaudensia naye hakukaanga mihogo mlangoni kwangu leo. Alisema ana safari ndogo. Hakusema ya wapi.

Jumanne, 3 Juni

Nimejua ya wapi. Ilembo! Elias ndiye aliyembeba. Amesema bila hata aibu kwamba alimshusha kwa Egide, mlango wa nyuma. Wa nyuma! Nimemwuliza kwa nini hakuniambia jana. Amesema sikuuliza.

Niandike hapa, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Gaudensia ni mjane, mtu wa Karema, na anakaanga mihogo mlangoni kwangu tangu nilipofungua banda. Nina neno la kumwambia. Nimelitunza vizuri sana. Sijalisema kwa sababu filamu nazijua: mwanaume anayetamka mapenzi mapema hafiki hata nusu. Anapigwa risasi akiwa na maua mkononi. Anayenyamaza ndiye anayebaki mpaka mwisho. Kwa hiyo nimenyamaza. Mpango ulikuwa unakwenda vizuri kabisa, mpaka akaja huyu mtu na maiki yake.

Jioni nimemchungulia Gaudensia akipuliza moto. Alikuwa anaongea peke yake. Mara sauti nyembamba, mara nzito, mara ya kulia. Nikamwuliza anaongea na nani. Akashtuka, akasema anaongea na mihogo.

Mtu haongei na mihogo. Kuna mtu anamfikiria.

Alhamisi, 5 Juni

Mpango wa kwanza. Nimekwenda kwa Egide kama mtazamaji wa kawaida. Kofia, koti, miwani ya jua. Ndani ya banda kulikuwa na giza, na kwa miwani ile nikakanyaga watu wengi kabla ya kupata benchi. Lengo lilikuwa kuuliza maswali mpaka Egide aaibike mbele ya watu wake.

Filamu ya bomu. Bomu lenyewe lina saa kubwa yenye namba nyekundu, ili stelingi, yule shujaa wa filamu, asome vizuri muda uliobaki. Nikasimama. Nikauliza kwa sauti, mbona aliyetega bomu amemwekea adui yake saa? Kimya. Nikafurahi! Egide akashika maiki, akasema bomu hilo lilitengenezwa kwa ajili ya wageni wa harusi, na watu wetu hata uwawekee saa ya ukubwa ule bado hawawahi. Vicheko. Nikauliza la pili, mbona adui, badala ya kumpiga risasi stelingi, anakaa kumweleza mpango wake wote? Egide akasema mwoneeni huruma, huyo ameshagombea uongozi mara nyingi akakosa, leo ndiyo mara ya kwanza amepata mtu wa kumsikiliza, tena amefungwa kamba, hawezi kuondoka.

Watu wakalala juu ya mabenchi. Halafu wakanigeukia. Uliza tena, mzee! Uliza! Wakanipa na jina. Mzee Mbona. Mimi nina miaka arobaini na moja!

Baada ya filamu Egide amekuja mwenyewe, amenishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Kaka Silvesta, leo umelichangamsha banda kweli. Njoo kila Alhamisi." Kumbe alinitambua tangu mlangoni. Amenipa soda. Ilikuwa baridi. Ana friji.

Nimemchukia mara mbili zaidi.

Gaudensia sikumwona. Lakini khanga yake ya bluu ilikuwa imening'inia kwenye msumari, kando ya pazia la nyuma.

Ijumaa, 6 Juni

Nimepata wazo ambalo halijawahi kupatikana Katavi nzima. Nitatengeneza filamu yangu mwenyewe. Ya kutisha, ya muuaji, lakini isiyo na tundu hata moja! Kila mtu ndani yake atakuwa na akili. Watu wataona tofauti, wataona haya, watarudi.

Kisa ni hiki: mama yuko peke yake nyumbani, muuaji anakuja. Nimemwomba Gaudensia awe mama.

"Nitafanya nini?" akauliza.

Nikamwambia atasikia kishindo, atafunga mlango, atapiga simu.

"Halafu?"

Halafu watu watakuja.

"Halafu?"

Nikamwambia halafu basi, yamekwisha. Akasema mafuta yake yanaungua.

Aneth, fundi cherehani wa jirani, ndiye aliyekubali kuwa mama, kwa sharti kwamba wigi lake jipya lionekane vizuri. Elias amekubali kuwa muuaji. Soksi usoni, panga la kuazima. Simu yangu ndiyo kamera. Tukaanza mchana, nyuma ya banda, nyumbani kwa Aneth.

Aneth alifanya kila kitu sawasawa. Akasikia kishindo. Hakutoka na tochi kama wale wajinga. Akafunga mlango kwa komeo. Akapiga simu. Halafu, kwa kuwa msaada unaweza kuchelewa, akapiga yowe, kwa sababu ndivyo anavyofanya mtu mwenye akili hapa Shanwe. Niliandika mwenyewe: *anapiga yowe*. Sikuandika nani atalisikia. Majirani sikuwaambia kitu. Ningewaambiaje? Filamu ni siri.

Walikuja! Kina mama na miiko na michi. Mzee wa duka la pembejeo na mpini wa jembe. Katekista mmoja na pampu ya baiskeli. Walipomwona Elias ana soksi usoni na panga mkononi, hawakuhoji. Elias akatupa panga, akatimua mbio. Mimi nikapiga kelele kama waongozaji wote wa filamu wanavyopiga: Kata! Kata!

Wakadhani nawaambia wamkate.

Elias alipanda juu ya choo cha Aneth. Hajui alivyopanda, mimi nilikuwa naangalia na sijui. Mzee wa pembejeo akanigeukia akaniuliza kwa heshima kabisa, "Tumkate wapi?" Ikabidi Aneth atoke na wigi lake kuwaeleza. Elias ana nundu moja ya mwiko. Mwenyekiti wa mtaa amenipiga marufuku kupiga picha mtaani kwake, hata za pasipoti.

Lakini nimeshinda hoja. Muuaji hakufika hata mlangoni. Katika maisha ya kweli filamu zote zinaishia pale.

Jumamosi, 7 Juni

Iddi. Mji umejaa watoto wenye nguo mpya, na wote wamekwenda kwa Egide.

Kumbe jana kuna jirani alikuwa ananirekodi mimi ninayerekodi. Video ile imefika Ilembo kabla ya jua kuchwa. Leo Egide ameirusha ukutani kwa projekta yake, akaitafsiri! Yaani filamu yangu, ya Kiswahili, ameitafsiri kwa Kiswahili! Elias amekwenda kuitazama. Amekaa mbele. Watu walipomwona wakamnyanyua juu, na sasa abiria wanachagua pikipiki yake wakiziacha nyingine, wanaomba wabebwe na "yule wa chooni". Amenunua miwani.

Mimi nilionekana pia, amesema. Nyuma, napiga kelele.

Elias amesema kitu kingine. Siku hizi kwa Egide kuna sauti ya mwanamke. Anakaa nyuma ya pazia na maiki ya pili, anaigiza kina mama wote wa kwenye filamu. Yowe la Aneth alilipiga upya mpaka watu wakasimama. Mji mzima unauliza ni nani. Nimemwambia Elias mimi sina haja ya kumjua. Nina matatizo ya kweli. Gaudensia leo tena hakuja mlangoni.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani nimemwombea Egide. Nimeomba umeme ukatike.

Umekatika. Kwangu tu. Yeye anatumia sola.

Jumanne, 10 Juni

Nieleze kwa utaratibu, isije ikaonekana kama upumbavu.

Gaudensia aliondoka mchana. Nikaamua kumfuata nione kwa macho yangu kinachoendelea nyuma ya lile pazia. Simu niliiacha nyumbani kwenye chaji, ilikuwa inakaribia kuzima. Hiyo ni sababu ya kweli, si ya kwenye filamu. Elias aliponifikisha Ilembo alitaka tuingie wote. Nikamwambia tutengane, yeye abaki barabarani, mimi nizunguke. Nako kutengana kwetu kulikuwa kwa mpango. Akauliza mbona tusiingie tu kwa mlango wa mbele, wote tunakaribishwa. Hajui kitu. Ukipita mbele unaona kile unachoonyeshwa.

Nilimwona Gaudensia akifika mlango wa nyuma. Egide alimfungulia. Alikuwa ameshika sahani ya wali na maharage, akampa! Damu ikanipanda. Pembeni kulikuwa na stoo, mlango wazi, imepakana na ukuta wa banda. Nikaingia. Giza. Magunia. Nikajibanza nyuma ya magunia hayo ili nisikilize kupitia nyufa. Mara mtu akapita nje, akaona mlango uko wazi, akausukuma na kuweka komeo.

Ningeweza kupiga kelele wakati ule. Lakini wangejua nimo.

Filamu ikaanza. Nilisikia kila kitu. Mama mmoja ametekwa na muuaji, anapambana, anachomoka, anakimbia msituni mpaka barabarani. Nikachungulia kwenye ufa. Gari linasimama. Dereva anafungua mlango. Amepona! Na huyu mama anageuka. Anarudi! Kwenye nyumba ileile! Swali likanijia mpaka kwenye meno, nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Watazamaji hawakuziba. Banda zima lilipiga kelele, anarudi kufanya nini huyu?

Ikasikika sauti kwenye maiki. Si ya Egide. Ya mwanamke. Aliongea taratibu, kama mtu aliyekaa jikoni.

"Narudi. Najua ni ujinga, nyie msinipigie kelele. Humo ndani kuna mtu wangu. Ni mbishi. Hasikii. Kila kitu anauliza mbona. Lakini nikimwacha humo, hiyo barabara nitakwenda nayo wapi?"

Banda likanyamaza. Hata wauza karanga. Nikasikia mtu anavuta kamasi.

Sauti ile niliijua. Ndiyo inayoniuliza kila siku, na kachumbari au bila? Gaudensia! Nilisahau kukasirika. Nilisimama pale gizani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya filamu, mtu alifanya jambo lisilo na maana na mimi nikaona afadhali alifanye. Arudi tu. Arudi haraka.

Ilidumu kidogo. Halafu akili ikanirudia. Mtu wake ni nani? Mbishi, hasikii. Ni Egide! Nani mwingine?

Nikapumua kwa nguvu, kwa hasira. Sikujua kwamba gunia nililoegemea ni la pilipili kavu.

Chafya ya kwanza ilitikisa ukuta. Ya pili ikazidi. Huko kwenye filamu muuaji alikuwa amejificha kabatini, watu wakadhani ni yeye, wakashangilia. Sauti ya Gaudensia ikasema kwenye maiki, "Subirini kwanza. Chafya hiyo naijua."

Komeo likafunguliwa. Egide. Nyuma yake banda zima. Mimi nilikuwa na pilipili mpaka kwenye nyusi, machozi yananitiririka, buibui kichwani. Wakapiga kelele moja: Mzee Mbona! Bibi mmoja aliyekaa mbele akaniuliza, mbona hukupiga simu? Nikamweleza kuhusu chaji. Mwingine akauliza, mbona ulikuwa peke yako? Nikamweleza kuhusu kutengana. Mbona hukupita mlangoni? Mbona hukuita ulipofungiwa? Nilijibu yote, moja baada ya jingine, na kila jibu lilikuwa na sababu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kukaa chini kwa kicheko.

Egide hakucheka. Aliniletea maji na maziwa ya kuoshea macho, akanishika kichwa kama ndugu yake.

Sijui mtu unamfanyaje mtu kama huyo.

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi Gaudensia alikuja mlangoni kwangu. Akawasha moto. Akamenya mihogo. Mimi nilifagia banda ambalo halikuwa na uchafu. Mwishowe akaniita.

"Silvesta, jana ulikuwa unatafuta nini stoo kwa watu?"

Nikasema nilikuwa nachunguza.

"Unachunguza nini?"

Nikasema mambo.

Akasema Egide alimsikia sokoni akiigiza ugomvi wa wauza dagaa, akamwomba aje atie sauti. Akasema anaipenda kazi ile kuliko kitu chochote alichowahi kufanya, na hataiacha, hata mtu akijifungia stoo ngapi. Nikauliza kwa nini alinificha.

"Nilikuomba wewe kwanza," akasema. "Mwaka jana, hapahapa. Nikakwambia nitie sauti za kina mama. Ulinijibu nini?"

Nikasema sikumbuki.

"Ulisema wanawake wa kwenye filamu hawana la maana la kusema."

Nikamwambia lakini hiyo ni kweli, hawana, ndiyo maana jana ikabidi umtungie. Akanyanyua mwiko. Nikarudi kwenye ufagio.

Kuhusu sahani ya wali, akasema Egide humwekea chakula kwa sababu yeye hufika huko na njaa, ametoka kwenye mihogo. Na Egide ana mke, Emelyne, yuko Katumba anavuna mpunga, atarudi mavuno yakiisha. Nikasema hakuna aliyewahi kuniambia. Akasema hukuuliza.

Akageuza mihogo. Akaongea bila kunitazama.

"Nilipolazwa na malaria, ulifunga banda ukaja kukaa nami wodini. Hukuleta hata chungwa. Ukanisimulia filamu nzima na makosa yake yote. Mama wa kitanda cha pili alicheka mpaka dripu ikachomoka, nesi akakufukuza. Kesho yake ukarudi na filamu nyingine. Nikasema, huyu mtu kuna siku atasema. Nimekaanga mihogo mingi hapa, Silvesta. Nangoja."

Ndiyo hiyo sasa! Ndiyo sehemu yenyewe niliyoingoja. Neno lilikuwa kwenye ulimi, tayari, limetunzwa vizuri. Nikafungua mdomo.

Nikasema, "Lakini yule mama, pale barabarani, gari lilikuwepo. Angekwenda kuita watu kwanza."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa khanga, akasema ni moshi. Akaniambia Jumamosi anakwenda Karema kwa kaka yake, na garini kuna nafasi.

"Kama una neno, njoo nalo. Kama una swali, liache hapa."

Jumamosi, 14 Juni

Karema. Vumbi la njiani limenipaka mpaka kaka yake alinisalimia kwa kunipangusa. Anaitwa Evarist, fundi wa injini za boti, mikono myeusi ya grisi, mtu wa maneno machache. Tukala ugali na samaki wa ziwani, migebuka ya kuchoma. Ziwa liko pale nyuma ya nyumba, kubwa, sikuliangalia. Nilikuwa nafanya mazoezi kichwani.

Baada ya kunawa Evarist akasema, haya mgeni, dada amesema una neno.

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu yenye sababu. Yote yakapotea. Nikasema, "Namtaka Gaudensia."

Evarist akamgeukia dada yake kumwuliza kama amesikia. Hajamaliza kuuliza, Gaudensia akasema, "Nimesikia. Ndiyo."

Vigelegele! Mashemeji wakatoka jikoni, majirani wakaja, mtu akaniwekea mtoto mapajani sijui wa nani. Evarist amesema nilete wazee wangu kutoka Usevya baada ya mavuno, tufuate utaratibu. Akanikumbatia. Nina grisi mgongoni, nguo hii sitaifua.

Gaudensia amesema nitamkodisha kwa Egide siku za Jumanne na Alhamisi, na siku zilizobaki atatia sauti kwangu, na mimi nisithubutu kuwasha taa katikati. Nimekubali kila kitu. Nina furaha! Sijui niandike nini. Nina furaha.

Jumapili, 15 Juni

Misa ya asubuhi Karema. Kanisa kubwa la zamani, kwaya nzuri. Baada ya misa watu wamekuja kumpongeza Gaudensia. Mmoja ni mwalimu wa kwaya, anaitwa Apollinarie. Mrefu. Sauti nzito ya besi. Meno yote yapo.

Amemshika mkono. Kwa hongera, kushika kidogo tu kunatosha. Yeye alishika, akasema hongera, akaendelea kushika, akauliza habari za Mpanda, akaendelea kushika. Gaudensia akacheka. Nimemwuliza Evarist huyu ni nani. Amesema walisoma darasa moja, na alikuwa rafiki sana wa marehemu shemeji yake, mume wa Gaudensia. Rafiki sana!

Njiani kurudi Gaudensia alilala begani kwangu safari nzima. Mimi sikulala.

Jumatatu, 16 Juni

Nimekaa na jambo hili tangu alfajiri, na haliingii akilini.

Tazama. Mwanamke mzuri. Ana akili kuliko mtaa mzima. Sauti ile inanyamazisha wauza karanga. Anaulizwa kama anamtaka mwanaume ambaye juzijuzi ametolewa stoo na pilipili puani, banda lake halina watu, mwenyekiti wa mtaa hataki hata kumwona na simu. Na anasema ndiyo. Haraka hivyo! Kabla swali halijaisha! Ningeiona kwenye filamu ningesimamisha palepale, niwashe taa, niulize, mtu mwenye akili zake anakubali vipi? Sababu yake iko wapi? Hakuna mtu mzima atakayeniambia eti ni mihogo na hadithi za hospitali.

Kuna kitu nyuma yake. Na mimi nakijua. Kinaimba besi.

Kwa hiyo mpango. Nimesikia kwaya ya Karema inatafuta waimbaji kwa ajili ya sikukuu ya parokia. Nitajiunga. Kwa jina jingine. Nitakuwa nakwenda Jumamosi na kurudi Jumapili, Gaudensia nitamwambia nakwenda Usevya kwa wazee. Ndevu nimeanza kuziacha tangu leo. Kuimba siwezi, lakini besi inasemekana ni kunguruma tu, na nimeshaanza mazoezi. Mbwa wa Aneth amehama.

Elias nimemweleza, kwa kuwa itabidi anibebe mpaka stendi. Amevua ile miwani yake, akauliza mbona nisimwulize tu Gaudensia mwenyewe, si yuko pale nje, anamenya mihogo.

Maswali ya Elias! Nikimwuliza, si yataisha palepale?